Jina Alilolibeba Nyaguthii Hadi Antalya

Nyaguthii hakuwa mtu wa kusamehe, na wala hakujifanya. Ukimkosea leo, mwakani atakukumbusha kosa lako kabla hajakuuliza habari ya watoto. Kitengela nzima, kuanzia soko la Noonkopir hadi kule lami inapoishia na ule udongo mweusi unaonata viatuni kuanza, watu walimjua Mama Wachira na mdomo wake. Walinunua sukuma wiki yake kwa sababu ilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwita mzuri.

Aliletwa Kitengela na mumewe Joram kutoka Nyeri, enzi ambazo nyumbu walikuwa wakipita hadi nyuma ya choo. Watu wa kwao waliwacheka, wakasema hawa wanaenda kulima mawe. Wakalima mawe hayo hayo, yakatoa mboga. Joram alipokufa, mabroka wa mashamba walianza kumtembelea mjane kila wiki, wakiwa wamevaa viatu vilivyochongoka na wamebeba maneno matamu. Aliwafukuza wote. Mmoja alimfukuza kwa jembe, na huyo hakurudi hata kuchukua kofia yake.

Halafu akaja Fosiya.

Fosiya alitoka Garissa, mjane vile vile, na kakake Mohamud alikuwa mfanyabiashara wa mifugo katika soko la Kajiado. Walikodi ploti iliyopakana na ya Nyaguthii ili mbuzi wapumzike hapo wakisubiri siku ya soko. Nawe unajua mbuzi. Mbuzi haheshimu ua, haheshimu mjane. Asubuhi moja Nyaguthii alitoka nje akakuta miche yake yote imebaki vijiti. Aliwakamata wawili waliokuwa bado wanatafuna, akawafunga ndani ya jiko lake, akakalia kigoda mlangoni na panga mapajani. Fosiya alikuja akipiga kelele, naye mdomo wake haukuwa mdogo. Walitukanana mpaka muuza maji akasimamisha mkokoteni wake kusikiliza. Wakapelekana kwa chifu, kisha wakapelekana hadi Kajiado kwenye ofisi za kaunti, wakaketi benchi moja wakiwa wamepeana mgongo. Afisa aliwasikiliza akipiga miayo, akawaambia waende nyumbani wakaishi kama majirani.

"Majirani!" Nyaguthii alisema njiani, na akaendelea kulisema neno hilo mpaka Isinya. Tangu siku hiyo hawakuamkuana tena. Hata yule ajuza wa Kimaasai aliyeuza maziwa pale njiani, anayemwambia kila apitaye "Sopa", alijifunza kuwasalimia kwa zamu.

Sasa, kulikuwa na jambo moja lililomuuma Nyaguthii kuliko mbuzi, kuliko ujane, kuliko yote. Hakuwa na mtoto aliyeitwa jina lake.

Kwa Wakikuyu, mtoto wa kike wa kwanza huitwa jina la mama ya babake. Wa pili huitwa la mama ya mamake. Ndivyo mtu anavyobaki duniani. Aliyeitiwa mtoto hafi akaisha. Dada zake wote walikuwa na majina yao yakikimbia uwanjani na kamasi puani, yakipigwa, yakilia, yakiitwa kuja kula. Yeye mwanawe Wachira, aliyeishi Embulbul, alikuwa na mke mzuri na wavulana watupu. Kila mara mkewe alipojifungua, Nyaguthii alikwenda huko na shali mpya mkobani, na kila mara akarudi na shali yake na uso uliokunjamana. "Mvulana tena," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Alibaki Kui, kitinda mimba wake. Kui alikwenda Uturuki kufanya kazi hotelini, katika mji uitwao Antalya, kando ya bahari ya Mediterania. Na huko, mwanamume aliyempata ni nani? Dahir. Dahir wa Fosiya! Watoto waliokua wakirushiana madongo juu ya ua mmoja walikwenda mpaka ng'ambo ya bahari kupendana. Dahir alikwenda kusoma, masomo yakaisha, akabaki akifanya kazi kwenye boti za watalii. Waliandikishana ndoa kwa ofisa wa mji ule, kisha ndipo Kui akapiga simu nyumbani.

Nyaguthii alikalia mtungi wa maji. "Kui," alisema, "wanaume wote Mungu aliowaumba, ukaenda ukamchukua wa mbuzi?"

Fosiya naye hakufurahi, usidhani. Alilia wiki nzima, kisha akapangusa machozi akafanya linalofanywa na watu wazima: alimtuma Mohamud aje kutoka Kajiado na wazee, mbuzi wazuri, sukari na vitambaa, waombe msichana kwa heshima, na Wakikuyu wafungue ruracio yao, yaani mazungumzo ya mahari. Wazee wale walisimama nje ya geti juani. Ndani, Nyaguthii alikuwa ametia kufuli na anamwagilia spinachi.

"Mum, unatuaibisha," Wachira alimwambia kwa simu. "Wazee wamesimama kwa jua!"

"Wakichoka watakaa chini."

Watu walidhani ni ukaidi tu. Ukaidi ulikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na hesabu. Msichana ambaye ruracio yake haijafunguliwa bado ni wa kwa mamake. Mtoto akizaliwa, ni mtoto wa boma hilo, na wa kike wa kwanza huitwa jina la nyanya wa boma hilo. Akifungua geti tu, Kui anakuwa mke wa watu, na mtoto wa kwanza anabeba jina la mama ya Dahir. "Fosiya!" Nyaguthii alimwambia Wachira. "Mjukuu wangu aitwe Fosiya? Afadhali aitwe Jumatatu."

Na yeyote aliyembishia alirushiwa msemo mmoja, mkavu: mwacha mila ni mtumwa.

Siku Kui alipopiga simu kusema ana mimba na picha ya hospitali imeonyesha msichana, Nyaguthii alicheza ngoma peke yake katikati ya mboga. Kisha akatangaza safari. Jina haliachwi lijipeleke lenyewe, alisema, litaibiwa njiani. Wachira na Kui wakachanga tiketi, na mwanamke ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa Namanga akapanda ndege akiwa na sweta mbili na mfuko wa unga wa uji.

Kule Antalya alikataa katakata kukanyaga kwa Dahir. Mama ya msichana hali wala halali kwa mkwe kabla ruracio haijafunguliwa, akila amekubali ndoa. Alilala kwa Nakhumicha, binti wa Bungoma aliyefanya kazi hoteli moja na Kui. Kila siku Kui alikuja huko na tumbo lake kubwa. Dahir naye alikuja, akiwa na makomamanga kwenye karatasi, anasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, karibu nyumbani, hata kama ni chai tu."

"Nyumbani kwa nani?"

Dahir aliinamisha kichwa, akayaacha makomamanga mezani. Nakhumicha ndiye aliyeyala, na akayasifu sana, jambo ambalo halikumpendeza mgeni wake.

Jioni moja Kui alisema, "Mum, twende na boti tukaone jua likizama. Hapa kila mtu hufanya hivyo. Usirudi Kitengela kama hujaona."

"Boti ni ya nani?"

"Ni ya mzee mmoja wa hapa. Msimu wa watalii umeisha, amekubali kututembeza. Dahir ndiye mpishi humo."

Nyaguthii alifikiri. Alikuwa amekula kwenye ndege, na ndege si kwa mkwe. Alikuwa amekula hotelini. Boti ni hoteli inayotembea, basi, hakuna mila itakayokasirika. Aliona Kui ameangalia kando wakati anajibu, akadhani ni uchovu wa mimba.

Ilikuwa boti ya mbao, kubwa, yenye milingoti miwili na viti vya mito huku nyuma chini ya turubai. Mwenyewe, mzee wa Kituruki mwenye masharubu meupe, alimshika mkono kumpandisha. Nyaguthii alitembea akishika kila kitu kilichoshikika. Alipofika kwenye mito akainua macho. Pale, kwenye kona nzuri, na jilbabu yake ya buluu na thamosi katikati ya miguu, alikuwa ameketi Fosiya.

Aligeuka arudi. Kati ya boti na gati palikuwa tayari na maji mapana kama barabara ya Namanga. Kamba zilikuwa zimefunguliwa.

"Kui! Umenifanya nini?"

"Mum, kaa kwanza. Hooyo alifika juzi." Hooyo ndilo neno la Kisomali la mama, na kulisikia mdomoni mwa Kui kulimchoma Nyaguthii kama msumari. "Tuliwaita nyinyi wawili kwa sababu tuko na neno. Tafadhali tusikilizeni."

"Neno lenu nalijua. Sitaki kulisikia."

"Hulijui, Mama," Dahir alisema.

"Wewe nyamaza, kijana. Pika."

Fosiya alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Muache. Huyu hata kaburini ataweka kufuli."

"Na wewe hata peponi utaingia na mbuzi, wale maua ya malaika!"

"Usinitajie pepo, Mama Wachira. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Wewe ningeweza kuishi bila kuona sura yako, wallahi, na ningenenepa."

Kui alijaribu tena, "Mum, daktari..." lakini Nyaguthii alinyanyua mkono kama askari wa trafiki. Maneno yakaishia hapo. Mara nyingine wakajaribu wote wawili pamoja, na mara hiyo Nyaguthii akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu, mpaka yule mzee wa masharubu akageuka kutazama kama kuna mtu anaumwa.

Boti ikafuata ufuo. Mji ulikuwa juu ya majabali, nyumba zimesimama ukingoni kabisa, na mahali fulani mto mzima ulikuwa unaanguka kutoka juu ya jabali moja kwa moja hadi baharini, unanguruma, unatoa moshi wa maji. Watu wengine hapo huwa wanapiga picha. Nyaguthii alikasirika.

"Hayo ni maji matamu?"

"Ni ya mto, mum."

"Yanamwagwa hivyo, kwenye chumvi? Na hakuna mtu anasema kitu?" Alimkumbuka muuza maji wa Kitengela na mkokoteni wake, akaona kama ametukanwa yeye binafsi. "Watu hawa ni wajinga."

"Hapo umesema ukweli," Fosiya akasema, kabla hajakumbuka anasema na nani. Wote wawili wakaangalia upande mwingine haraka.

Jua lilikuwa linashukia milima ya magharibi, bahari ikawa nyekundu kama udongo wa Nyeri. Ilikuwa nzuri, hata yeye aliiona ni nzuri, na hilo likamuudhi zaidi. Kisha upepo ukabadilika. Boti ikaanza kuinuka na kushuka, na tumbo la Nyaguthii, ambalo halijawahi kwenda mahali popote bila ardhi chini yake, likaamua kurudi Kitengela peke yake. Alikimbilia ukingoni. Alitapika mpaka akatapika hewa. Kui alimshika mgongo, Dahir akamshika asianguke, naye hakuwa na nguvu ya kuwafukuza.

Fosiya alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa. Alikuwa anafurahia, na hakuona haya. Kisha akafungua thamosi.

"Mpe. Ni tangawizi."

"Sitaki cha kwake," Nyaguthii alinong'ona.

"Basi tapika."

Akatapika. Kikombe kikaletwa tena, na safari hii alikinywa, akijiambia kwamba dawa si chakula. Chai ilikuwa kali, yenye tangawizi na iliki, ikashuka tumboni ikakaa. Baada ya muda kichwa kilitulia, na njaa ikaja. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Dahir aliweka mezani mkate, samaki wa kuchoma, na sahani kubwa ya wali wa nyama uliopikwa na mamake, wenye zabibu na harufu ya kumfanya maiti aketi. Nyaguthii alisema ataonja mkate. Kisha akaonja samaki. Ni hoteli, alijiambia, ni hoteli tu. Alipofika kwenye wali hakuwa anajiambia kitu tena. Alikula kwa mkono, akafuta sahani, na alipoinua macho alimkuta Kui anamwangalia na machozi yamemlenga.

"Unalilia nini?"

"Hakuna, mum. Kuna baridi. Shuka chini ulale kidogo, kuna kitanda."

Alishuka ngazi ndogo ya mbao, akajilaza. Kitanda kilikuwa na blanketi nene na mto wenye harufu nzuri, na harufu ile aliijua: ni mafuta ya nywele ya Kui, yale yale tangu shule. Nyaguthii akafungua macho vizuri.

Ukutani palikuwa na picha ya Kui na Dahir wakiwa wameshikana mikono. Kwenye msumari palining'inia leso ya Kui. Kwenye rafu ndogo, kando ya jiko la gesi, palikuwa na pakiti ya unga wa ugali wa Kenya, sufuria iliyokwaruzwa, na mwiko. Hoteli haina mwiko. Na pembeni ya kitanda, kimefungwa kwa kamba kisiteleze, kilikuwa kitanda kidogo cha mtoto, na nguo ndogo zimekunjwa humo zikisubiri mwenyewe.

Alikaa kitandani ghafla, akajigonga kichwa kwenye dari. Hii ilikuwa nyumba. Alikuwa amekula nyumbani kwa mkwe wake, akalala kwenye kitanda chake.

Alipanda ile ngazi kama mtu asiyewahi kuugua.

"Mnaishi hapa?"

Dahir alisimama. "Ndio, Mama. Mwenye boti alituachia tumchungie. Kwa muda tu, mpaka tupate nyumba."

"Kui, uliniambia ni ya mzee!"

"Ni yake, mum. Uliuliza ni ya nani. Hukuuliza ni nani anakaa ndani." Sauti ya Kui ilitetemeka. "Ungekuwa unakuja kwangu ningekudanganya? Mtoto wako akae nchi ya watu, na mamake asijue analala wapi, asile hata kijiko? Nilitaka ule kwangu. Mara moja tu. Nilitaka ule."

Lakini Nyaguthii hakuwa anamsikiliza Kui. Alikuwa amemgeukia Fosiya.

"Ni wewe. Hii ni akili yako, hawa watoto hawana akili hii. Umekaa karibu na Wakikuyu miaka yote hiyo ukichungulia mila zetu juu ya ua, ukajua ni nini kitanifunga. Ulinipikia ukijua. Mbuzi wako walikula mboga yangu, sasa wewe umekuja kula jina langu! Mwizi! Mwizi wa mchana!"

Fosiya aliweka kikombe chini taratibu. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama Wachira, funga mdomo usikie jambo."

"Sifungi!"

"Mum, tafadhali," Kui alilia, "tuna kitu cha kukuambia, ndiyo maana tuliwaita..."

"Hakuna wa kuniambia kitu." Nyaguthii alimkatiza. Alijua ameshindwa. Alikuwa amekula mbele ya macho ya wote, na mwanamke aliyepiga watu wote kwa fimbo ya mila hawezi kuikimbia fimbo ile ile ikimgeukia. Lakini kuonekana ameporwa, na aporwe na huyu, hapana. Afadhali atoe mwenyewe. Ikiwa kuna kitu kitatoka mkononi mwake, kitatoka kwa sababu ameufungua.

"Sikilizeni basi," alisema. "Hakuna mtu atasema Nyaguthii wa Joram alibishana na mila. Nimekula kwenu. Basi nimekubali, Kui ni mke wa Dahir. Na mtoto wa kwanza ni wa kwa baba." Alimsogelea Kui, akaweka kiganja juu ya tumbo lake. "Huyu ataitwa Fosiya."

"Mum, hapana! Ngoja!"

"Ataitwa Fosiya. Wa pili ni wangu, kwa haki yangu, sitamshukuru mtu yeyote kwa ajili yake." Na akajitemea mate kidogo kifuani, kama wafanyavyo wazee wa Kikuyu wakitoa baraka, neno lisirudi.

Kui aliketi sakafuni. Hakulia kwa sauti. Alifunika uso kwa mikono na mabega yakawa yanaruka.

"Hakuna wa pili, Mama," Dahir alisema.

"Nini?"

"Ako na uvimbe kwa tumbo. Daktari alisema mtoto akishatoka, watatoa na mfuko wa uzazi. Huyu ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Tulimwambia hooyo kwa simu. Yeye mwenyewe ndiye alisema jina lisiwe lake, liwe lako. Alisema Mama Wachira hana mtu. Amekuja mpaka hapa akwambie kwa mdomo wake, ndio usije ukasema ni watoto walilazimisha."

Nyaguthii aliangalia mikono yake. Aliangalia kifua chake, pale penye unyevu mdogo wa mate, akatamani kupafuta na kanga, lakini mkono haukwenda.

Fosiya alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya turubai. "Nina wajukuu Garissa wanaitwa jina langu mpaka nikiita mmoja wanakuja wote," alisema. "Nilifikiri, huyu mama ni mbaya, lakini hakuna mtu mbaya wa kutosha kufa bila jina. Nikapanda ndege. Nikapika. Sikujua mambo ya kula kwako na kutokula, mimi nilipika kwa sababu mgeni hupikiwa. Na umeniita mwizi mbele ya mwanangu."



"Umelitoa, nami nimelipokea," Fosiya aliendelea. "Ni langu sasa. Lakini naweza kulirudisha, maana mwenye kitu hukitoa. Sema tu, 'Nimekosa, Mama Dahir.' Hayo tu. Sitaki zaidi. Nitamwambia Kui mtoto aitwe Nyaguthii, na Mungu anasikia."

Kui aliinua uso. Dahir pia. Jua lilikuwa limebaki ukucha tu juu ya mlima.

Na Nyaguthii alitaka. Usidanganyike kwamba hakutaka. Alilisikia jina lake likiitwa uani, Nyaguthii, njoo ule, Nyaguthii, wacha kuchezea maji, na mtoto mdogo akikimbia kuitikia. Alifungua mdomo. Maneno yalikuwa mepesi, hata mtoto wa chekechea angeyasema. Aliutazama uso wa Fosiya, uso ule ule wa juu ya ua, wa benchi la Kajiado, ukimngoja, na mdomo ukajifunga kama lile geti lake. Alijitahidi. Jasho lilimtoka kwenye ule upepo wa baridi. Kui alisema polepole sana, "Mum, sema. Kwa ajili yangu, basi. Sema."

Ukucha ule ukazama.

"Nataka kushuka," Nyaguthii alisema. "Nirudisheni kwa Nakhumicha."

Fosiya alitikisa kichwa, akafunga thamosi yake. Gatini, mzee wa masharubu alipompa Nyaguthii mkono kumshusha, aliushika kwa nguvu zaidi kuliko alivyohitaji.

Mtoto alizaliwa salama, na Kui akapona salama, na madaktari wakafanya walilosema watafanya. Wanawake wa kanisa walikuja Kitengela kumpongeza Nyaguthii, wakiwa na sukari na unga na nyimbo, wakajaza sebule. Aliwaonyesha picha kwenye simu. Walisema mtoto amemfanana, hasa paji la uso na ule mdomo, na kweli alikuwa amemfanana.

"Na jina?" mmoja wao, Makena, aliuliza akicheka. "Hatimaye tumempata Nyaguthii mdogo!"

"Anaitwa Fosiya," Nyaguthii alisema. "Tulifuata mila."

Wanawake walitazamana. Makena alisema hilo nalo ni jina zuri, Mungu aibariki familia. Nyaguthii aliitikia amina, akawamiminia chai wote mpaka wa mwisho, akawasindikiza hadi barabarani. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango, akalia kilio kile tunacholilia maiti.